Torgunn Aasvik na Sakafu Zilizochelewa Kupata Joto

Tarehe 28 Februari, baada ya miaka thelathini na sita ya kutandika vigae katika mabafu ya mji wa Namsos, fundi Torgunn Aasvik anastaafu. Miaka ya mwanzo wateja walimfungulia mlango, wakaona mwanamke, wakauliza fundi mwenyewe atafika saa ngapi. "Ameshafika," alijibu, huku akivua viatu.

Kazi tunayojivunia zaidi sisi wafanyakazi wenzake ni ya makao ya wazee ya Lauvhaugen. Pale alitandika vigae vya jiwe, unene wa milimita ishirini na tano, katika mabafu kumi na manane. Nyaya za umeme za kupasha sakafu joto nilizilaza mimi ninayeandika haya. Baridi ilipoingia, wazee wakalalamika kwamba asubuhi wanakanyaga barafu. Meneja akaamua kuwa nyaya ni mbovu: sakafu zote zivunjwe, na mimi nisionekane tena pale.

Torgunn akaomba asubuhi moja. Juu ya waya mmoja alilaza kigae cha milimita nane na kipande cha lile jiwe, akaweka siagi kidogo juu ya kila kimoja, kisha akawaita meneja na wazee watazame. Kwenye kigae chembamba, siagi iliyeyuka baada ya dakika ishirini. Kwenye jiwe, watu walimaliza vikombe viwili vya kahawa ikiwa bado ngumu.

"Fundi, siagi yako imelala," mzee Anfinn alimtania.

"Inaamka, babu. Kunywa kahawa."

Ilipita saa nzima ndipo ikayeyuka. Akazima umeme. Kigae chembamba kilipoa upesi; jiwe lilikuwa bado na joto baada ya chakula cha mchana.

"Nyaya ni nzima," alimwambia meneja mbele ya wote. "Jiwe nene huchelewa kushika joto, na huchelewa kuliachia. Mnawasha nusu saa kabla ya watu kuamka. Washeni saa mbili kabla. Kosa ni langu. Unene niliujua, sikuwaambia."

Hakuna kigae kilichovunjwa. Siku ya tatu Anfinn alipiga simu ofisini kutuarifu kwamba amenyoa ndevu bafuni akiwa miguu peku.

Lawama ilikuwa imeshaniangukia mimi, na Torgunn angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Asante, dada. Nenda na afya yako, na siku zilizo mbele zikutendee wema.

Eskil Brekkan, fundi umeme