Lenga Katikati ya Grini

NIZAR: Haloo? Nani?

MIKIDADI: Mimi, Mikidadi. Natumia simu ya mke wangu Maulida, yangu hupokei.

NIZAR: Shikamoo kaka. Kata simu, nina kazi.

MIKIDADI: Marahaba. Kazi gani? Umenikimbia kwenye gofu, shimo la tisa, mfuko wako ninao mimi, fimbo namba saba haimo. Uko wapi?

NIZAR: Sombetini. Kwa Alykhan.

MIKIDADI: Kwa shemeji yako? Na fimbo?

NIZAR: Si shemeji, ni mbwa! Kampiga Anisha, kamvunja mkono. Dada kanitumia picha tukiwa pale pale kwenye grini, kwenye nyasi za shimo, mfupa umekaa upande, Miki!

MIKIDADI: Ya Rabi. [kishindo] Nini hicho?

NIZAR: Kioo cha gari lake. [kishindo] Na hiyo taa.

MIKIDADI: Nizar—

NIZAR: Yuko mlangoni, nyuma ya nondo, kashika panga. Ananitukania mama! Nang'oa huu mlango, namfumua kichwa. Bodaboda wote wapo getini wanashangilia.

MIKIDADI: Anisha yuko wapi?

NIZAR: Nini? Mtandao unakata—

MIKIDADI: Anisha! Yuko wapi?

NIZAR: Jiko la uani. Analia.

MIKIDADI: Mlango wa huko umefungwa?

NIZAR: Upo wazi.

MIKIDADI: Ndiyo wewe huyo! Kila Jumamosi. Bendera imejificha nyuma ya mchanga, grini yote iko wazi kushoto, wewe unalenga bendera.

NIZAR: Unanifundisha gofu saa hizi? Nitakuja nikuvunje na wewe!

MIKIDADI: Uje. Ulipatia mara moja, mwaka juzi, basi tangu siku hiyo unapiga kana kwamba ndiyo kawaida yako. Mpira unaishiaga wapi?

NIZAR: Kausha, Miki.

MIKIDADI: Wapi?

NIZAR: Mchangani.

MIKIDADI: Leo ukikosa unaishia wapi?

NIZAR: Sikosi.

MIKIDADI: Ana panga! Ukikosa, mochwari. Ukipatia, Kisongo jela. Kotekote Anisha anabaki peke yake. Achana na bendera, bwana. Nenda katikati, pale pana nafasi. Mchukue dada yako, mpeleke hospitali.

NIZAR: [anahema] Anacheka. Unamsikia anavyocheka?

MIKIDADI: Acheke.

NIZAR: Nataka damu yake, kaka. Naitaka kweli.

MIKIDADI: Najua. Nenda uani.

[hatua za haraka, mtandao unakwaruza]

NIZAR: Ninaye. Taratibu, dada, taratibu... Ingia garini, kaa mbele. Fimbo naitupa nyuma. Miki, usikate, nakuacha kwenye spika uongee naye. Nawatoa hawa bodaboda, wameziba geti. Oya! Pisheni!

MIKIDADI: Anisha? Pole sana, mdogo wangu.

ANISHA: Shikamoo kaka Mikidadi.

MIKIDADI: Marahaba. Jikaze, mnaondoka sasa hivi.

ANISHA: Nizar alikuwa kaweka sauti juu. Nimekusikia tangu nikiwa jikoni.

MIKIDADI: Kaniudhi, nikapiga kelele.

ANISHA: Umesema kweli. Yeye hukosa kwa sababu anapiga pagumu.

MIKIDADI: Ndiyo. Sasa tulia, usiuchezeshe mkono.

ANISHA: Alykhan katoka nje.

MIKIDADI: Ametoka? Funga vioo! Mwite Nizar!

ANISHA: Hana habari na mimi. Kaweka panga chini, anaokota taa ya gari lake. Mimi kanivunja hata hakuinama kunitazama. Taa anainamia.

MIKIDADI: Anisha, funga mlango.

ANISHA: Kanipa mgongo, kaka.

MIKIDADI: Anisha. Fimbo iko wapi?

ANISHA: Mkono wa kulia ni mzima. Toka hapa ni hatua chache tu, wala hapana mchanga.

MIKIDADI: Usishuke! Anisha! [mlango wa gari] Nizar! Niza-a-ar!

NIZAR: Naam! Geti liko wazi, twende— Miki, yuko wapi huyu?

MIKIDADI: Geuka! Mshike!

NIZAR: Anisha! Anisha, hapa— [mlio mzito] [mlio mzito]

MIKIDADI: Nizar! Ongea!

NIZAR: Ameshaanguka, dada! Inatosha! Ameshaanguka, acha— Miki, haachi, naomba njoo, ha—

MIKIDADI: Haloo? Nizar? Haloo? ... Maulida, vocha yako imekwisha. Nipe ufunguo wa gari. Na kanga, mama, kanga nyingi.