Malesh za Adhieu

Nilipanda gari la abiria la kwenda Gudele pale kituo cha Malakia, nikakaa nyuma ya makocha wawili wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Sikukusudia kuwasikiliza. Masikio ndiyo yalielekea huko.

Kumbe Jumamosi watakuja wageni wa shule moja ya Kampala kutafuta msichana mmoja wa kumsomesha bure, na fowadi atakayeanza ndiye watakayemtazama zaidi.

"Adhieu haanzi," alisema Jedidah. "Anaanza Keji."

Mahat akashika kichwa. "Mwalimu! Keji anamfikia Adhieu begani. Adhieu akiruka, nani anaugusa mpira?"

"Anaruka, anaudaka, halafu akimgusa mtu kidogo tu, anasimama kumwambia malesh. Jana mara tisa, Mahat! Akimaliza kuomba radhi, mpira uko upande wa pili."

"Hiyo ni adabu ya kwao nyumbani."

"Basi aanzie nyumbani."

Hapo nilikohoa, nisije nikacheka.

"Msichana akose shule kwa sababu ya adabu?" akauliza Mahat.

"Na Keji, yeye haitaki shule?"

Gari likasimama sokoni. Jedidah akainuka, akapita kwa viwiko kati ya abiria na beseni la samaki, akashuka bila neno. Mahat akamfuata akisema "malesh, mama, malesh, mzee" kwa kila goti. Alipofika kwenye samaki, mlango ulifungwa, gari likaondoka naye.