Aliyetangulia Kondoa

Mwaka wa tisini na tano, basi letu la Kondoa lilikuwa halijamaliza kupita kitongoji cha Miyuji, kijana wa kiti cha mbele yangu alipomwamkia mama aliyekaa naye. “Shikamoo, mama. Mimi Swalihu, mtoto wa Bi Anifa wa Kondoa. Nimemaliza muhula wangu India, ndiyo narudi nyumbani.”

“Marahaba. Lakini Swalihu karudi tangu Ijumaa. Kasomewa dua, na pilau nimekula.”

“Mama, nimetua Dar jana!” Akamwonyesha mhuri kwenye pasipoti. Mama hakuutazama, aliyekula pilau ana haja gani na mhuri?

“Hata shali hii kaniletea yeye,” alisema, akigusa shali ya kijani mabegani.

Kijana akafungua begi haraka, akatoa shali ileile, ingali kwenye karatasi ya dukani. “Hii ya mama yangu. Muuzaji aliniapia imebaki moja tu.”

“Basi mmoja wenu mwongo.” Hapo nilikubaliana naye, ila sikujua yupi.

Basi liliposimama Kondoa, mama akachungulia dirishani, akapunga mkono. “Wale pale, Swalihu na Bi Anifa, wamekuja kunipokea. Shuka umuulize mwenyewe.”

Kijana hakuinua uso. Nilipompita kushuka, alikuwa akivuta zipu ya begi lililokwisha kufungwa.