Anselm Ntandu, Fundi wa Mvuke wa Ilongero

Mchungaji, wazee wetu, majirani, na ninyi nyote mlioacha alizeti juani mkaja kutushika mkono, shikamooni wakubwa, poleni wote, familia ya marehemu Mzee Gaspari Ntandu inaomba masikio yenu kwa muda, ili kabla hatujamsindikiza ndugu yetu Anselm tukumbushane alikotoka, kazi aliyoifanya, na jambo moja alilolihangaikia kuliko mengine yote.

Anselm Gaspari Ntandu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1974 hapa Ilongero, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Mzee Gaspari na Mama Rahel, ambaye yupo hapa mbele yetu, na ambaye husema kwamba siku hiyo mvua ilinyesha bila upepo, mtoto akalala moja kwa moja mpaka wakunga wakamfinya kuhakikisha yu hai. Mzee Gaspari, kwa wageni ambao hawakumjua, alikuwa mrina asali, alipanda basi kwenda Itigi na kukaa kwenye mizinga yake vichakani wiki kadhaa, na siku ya kurudi nyumba nzima ilijua amekuja kabla hajabisha hodi, kwa ile harufu yake iliyotangulia mlangoni.

Marehemu alianza darasa la kwanza mwaka 1982 katika shule ya msingi hapa kijijini na kuhitimu la saba mwaka 1988, bila kuwa wa kwanza wala wa mwisho, walimu wake wakilalamika kwamba kijana huyu yupo darasani lakini hayupo, macho dirishani, mikono chini ya dawati ikifungua kitu fulani. Mwaka 1990 alipelekwa Singida Mjini kujifunza ufundi wa redio, akamaliza mwaka 1992, na mwaka uliofuata akapata meza ya kazi karibu na soko, akatengeneza redio, kisha televisheni, kisha simu zilipoingia akatengeneza na simu, mpaka mwaka 2009 alipochoka na kelele za mjini akarudisha kazi nyumbani, katika chumba kilichokuwa banda la mbuzi, ambacho tangu hapo tumekiita karakana, ingawa siku za mvua mbuzi nao walidai haki yao.

Tarehe 12 Oktoba 1996 Anselm alifunga ndoa na Dorkas, binti kutoka kijiji cha Ulemo, mwanamke wa maneno machache na yote ya kweli, na Mungu akawajalia watoto wawili, Peniel aliyezaliwa tarehe 8 Januari 1998, na Ritha aliyezaliwa tarehe 17 Juni 2003.

Mwaka huohuo aliozaliwa Peniel, tarehe 20 Novemba, Mzee Gaspari alifariki dunia, na hapa ndipo jambo lenyewe lilipoanzia, kwa sababu Mama Rahel, ambaye maisha yake yote hakuwa mvutaji, aliokota kiko cha mumewe, akakijaza tumbaku iliyobaki kwenye mkoba wake, akakaa nyuma ya jiko akavuta. Hakuna aliyemuuliza, kwa maana wote tulielewa kwamba anamtafuta mzee kwa njia ya pua, na tulidhani yataisha, lakini tumbaku ilikwisha akanunua nyingine, na nyingine, miaka ikapita hivyo, na kikohozi kikaja kikakaa.

Turudi kwenye kazi. Mwezi Machi 2016 kijana mmoja wa Singida Mjini alimletea Anselm kitu kilichokufa, akisema ni sigara ya umeme, vepu kama vijana wanavyoiita, Anselm akaifungua akakuta betri, waya mwembamba unaopata moto, kipande cha pamba na kichupa cha maji yenye ladha, mtu akivuta yale maji yanageuka mvuke, basi, akacheka peke yake akisema kumbe ni birika. Aliiponya, lakini lile ganda la plastiki lilimkera, akachonga jingine la mninga, akalipiga msasa mpaka likawa laini kama shavu la mtoto, na kijana yule alipoondoka nalo habari zikaenda nalo.

Wakaja madereva wa malori wa barabara ya Mwanza, wakaja watu wa Dodoma na wa Arusha, na kila mteja alipewa kwanza donge la udongo mbichi alishike vile anavyoshika sigara, kisha kwa alama za vidole vyake Anselm alichonga kifaa cha kumkaa yeye peke yake, chenye mdomo wa pembe ya ng'ombe na pamba ya kutoka Iramba, na yale madonge hakuyatupa, aliyapanga kwenye rafu, hivyo ukiingia karakana jioni, jua likipenya kwenye nyufa na mvuke wa majaribio ukielea hewani, ungedhani umati wa watu umekuja ukaacha viganja vyake tu. Wapo waliosema usharikani kwamba mwanakwaya kama yeye hapaswi kuwatengenezea watu moshi, akawajibu kwa upole kwamba ni mvuke, wakasema hata mvuke, akaendelea na kazi yake, maana yeye mwenyewe hakuvuta, na hakuwahi kudai kwamba vitu vyake ni dawa, na mwanafunzi yeyote aliyebisha hodi alirudishwa kwao na salamu kwa wazazi wake.

Mwezi Mei 2017 daktari alimpiga Mama Rahel picha ya kifua, akamwita Anselm pembeni na kumwambia kwamba mama asipoachana na kiko hataziona masika nyingine mbili. Dorkas akashauri kiko kifichwe na mambo yaishe, ushauri ambao wengi wetu tuliuunga mkono, lakini Anselm alikataa, akasema kwamba akimnyang'anya mama kiko atakuwa amemzika baba mara ya pili, na kwamba yeye ni fundi wa mvuke, atamtafutia mama yake mvuke utakaomrudisha mzee bila kumuua yeye.

Akaanza kutafuta. Alimchongea mama kifaa cha mpingo, akaagiza Dar es Salaam maji yenye ladha ya tumbaku, mama akavuta mara moja akasema yananuka duka, akajaribu ladha ya kahawa, mama akasema hilo ni kanisa la mjini, akajaribu ya asali, mama akatabasamu kwa adabu na baada ya muda tukasikia kikohozi nyuma ya jiko. Mwaka mzima ulipita hivyo, Anselm akichemsha na kuchanganya, akinusa na kufumba macho, akimwita Dorkas anuse, akisahau kula, na kila alipoenda kulala alikiona kifua cha mama yake kikipanda na kushuka kwa shida, akatuambia waziwazi kwamba anaogopa, kwamba anashindana na muda na muda haukohoi.

Siku ilipofika haikuwa kwa kutafuta. Tarehe 2 Septemba 2018, mchana wa joto, alikuwa anamalizia kifaa cha dereva mmoja wa Manyoni, vanishi ya dukani ikamwishia, akachukua kipande cha nta ya nyuki kilichokuwa kimeletwa kutoka Itigi, akakigusisha kile chuma cha moto anachochomelea nyaya, nta ikalainika, akaanza kuipaka kwenye mti kwa kitambaa. Mama Rahel alikuwa anapita kwenda kivulini, akasimama mlangoni, akashika mwimo, akasema kwa Kinyaturu, kwa sauti ya mtu anayepokea mgeni, kwamba baba yako amekuja.

Anselm alidhani umri umeanza kumchezea mama, akainuka amshike asianguke, na alipoinuka naye akainusa, akakaa chini tena. Haikuwa tumbaku. Haikuwahi kuwa tumbaku. Mzee Gaspari alibeba tumbaku yake na nta yake katika mkoba mmoja miaka yote ile, na sisi wote, mke na watoto, tuliona kiko mdomoni mwake tukakipa kiko sifa yote, kumbe aliyekuwa anatangulia mlangoni ni nta, nta ya moto, aliyoiyeyusha kule vichakani, iliyolowa kwenye koti lake, na mama alipookota kiko mwaka 1998 kilikuwa bado kimeishika, kisha ikaisha kidogokidogo, naye akaendelea kuvuta tumbaku kwa miaka ishirini akiitafuta.

Wiki hiyo Anselm hakupokea kazi ya mtu. Alimchongea mama kifaa cha mninga kisicho na kichupa, kisicho na maji, kisicho na chochote cha kuvuta, ndani kina kikombe kidogo cha nta, na ukibonyeza kitufe betri inaipasha tu, kiasi cha joto la mkono, harufu inapanda taratibu. Siku za mwanzo Mama Rahel alikiweka mdomoni kwa mazoea, baadaye akawa anakishikilia karibu na shavu, macho yamefumba, anaongea na mtu, na mwezi Novemba alimkabidhi Dorkas kile kiko akasema kipandishwe darini. Masika ile aliyoitaja daktari akaiona, na iliyofuata akaiona, na zote zilizofuata.

Tangu hapo ndugu yetu alibadilika kidogo, na biashara ikaumia kidogo, kwa sababu kila mteja aliyekuja alimuuliza kwanza, ndugu yangu, ukivuta unamtafuta nani, wengine wakacheka, wengine wakakasirika, dereva mmoja akafikiri sana akasema ni utingo wake aliyehamia Kahama, akaondoka akampigia simu bila kununua kitu, na Dorkas akasema hajapata kuona duka linalowashauri wateja waende zao. Waliobaki aliwachongea kwa moyo wote, mpaka mwezi Februari mwaka huu wa 2025.

Alianza kusikia maumivu ya tumbo tukadhani ni vidonda, akatumia dawa, yakazidi, tarehe 11 Machi akafanyiwa vipimo, akapewa rufaa kwenda Dodoma, na huko ikabainika kuwa ni saratani ya ini iliyokwisha kusambaa. Mwezi Mei aliomba kurudi nyumbani, akatandikiwa godoro uani nje ya karakana, na mchana mama yake alikaa kwenye kigoda pembeni yake, mmoja anasinzia mwingine anaamka, kile kifaa cha mninga kimewekwa kati yao kikitoa harufu, kiasi kwamba mtu akiingia uani hapo aliongea kwa kunong'ona bila kuambiwa. Kilichomsumbua Anselm hakikuwa kufa, bali ni nani atamchajia mama kile kifaa, kwa sababu mama hakuwahi kukubali kugusa umeme, na siku moja Mama Rahel, akiwa na miaka themanini, aliinuka mwenyewe, akachukua waya, akauchomeka kama alivyoelekezwa, taa ndogo ikawaka, akamwambia mwanangu, umeona, lala sasa.

Anselm alifariki dunia tarehe 9 Julai 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa usingizini, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, ameacha mama, mjane, watoto wawili na sisi ndugu zake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hapa mkoani na Dodoma, ambao hawakutuficha ukweli wala hawakutuharakisha, inawashukuru majirani waliolala uani kwetu na kuleta kuni, maji na unga wa uwele, mafundi wenzake wa Singida Mjini waliofunga meza zao kuja kuchimba kaburi, kwaya ya usharika iliyoimba tangu jana, na madereva ambao tumewaona wameegesha malori yao kule barabarani na kutembea mpaka hapa kwa miguu.

Mwisho kuna tangazo moja. Jana akina mama walipokusanya nguo za marehemu ili zifuliwe na kugawiwa siku ya kuondoa matanga, Mama Rahel aliingia karakana, akatoka na aproni ya kazi, ile yenye madoa, yenye nta na pembe na moshi wa nyaya, akaikumbatia, na ameomba itangazwe mbele ya watu wote kwamba nguo nyingine gaweni, ila hii mtu yeyote asiifue.

Pumzika, fundi wetu, kwa amani uliyompatia mama yako.