Mzee Kelele na Atomu Zilizomshinda

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutoamini, profesa wetu, Mzee Kelele, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Mgeni asitishike na jina: ni mtu mpole, hata mlango huufunga kwa vidole viwili. Jina alilipata kwa kuwa kila jambo jipya lililojitokeza maabarani aliliita kelele, yaani usumbufu wa mitambo tu.

Kazi yake ilikuwa atomu bandia: saketi ndogo za umeme zinazomeza nishati na kuitema kama atomu halisi, zikiwa zimepangwa kando ya waya mmoja mwembamba unaopitisha mawimbi. Mimi, mpimaji wake, nilimwonyesha kwamba atomu zinazofanana hutema nishati kwa pamoja, tena haraka kuliko atomu moja ikiwa peke yake, kana kwamba zimepeana habari kupitia waya. Akatabasamu kwa huruma. “Kelele hiyo, mwanangu. Kasafishe.”

Tukasafisha. Alibadilisha nyaya zote. Akapiga marufuku simu. Kisha akaishuku lifti, ikazimwa, na mkurugenzi, na kitambi chake, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tano akitamka maneno ambayo jarida hili halichapishi. Ajabu ni kwamba kila kelele ilipopungua, atomu zilizidi kuelewana.

Miaka minne ilipita ugunduzi wangu ukiwa kabatini. Nikachoka, na alasiri moja nikaanza kufungasha vitabu niondoke.

Alasiri hiyo Mzee alinikuta kati ya maboksi. Alikuwa amerudia kipimo peke yake, akijaribu kukiua kwa mara ya mwisho. “Zimenishinda,” alisema. “Na wewe umenishinda. Nisamehe, usiondoke.” Hakungoja jibu. Aliinua boksi la kwanza na kuanza kurudisha vitabu, vyote kwenye rafu isiyo sahihi.

Makala ya ugunduzi huo ilitoka jina langu likitangulia. Tuzo, dunia ikiwa na mambo yake, alipewa yeye, “kwa imani isiyoyumba”. Jukwaani alishukuru kutuzwa kwa jambo alilolipinga kwa nguvu zake zote, kisha akaniita nipande nikaichukue.

Mkewe, muuguzi, ametuuliza kwa adabu kama mkataba hauwezi kuongezwa, maana mumewe ameanza kuishuku friji ya nyumbani. Pole, mama; sasa ni zamu yako.

Asante, Mzee, kwa ubishi wako. Bila huo tungeshangilia miaka minne mapema, na hakuna ambaye angetuamini. Afya iwe njema, usingizi uwe mzito, na asubuhi zako zisikuharakishe popote.