Kogo Alivyomnyonyesha Kiprono

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Hata nyinyi mnaosukumana kule mlangoni, asifiwe!

Mimi ni Chepkemoi wa hapa Boito. Nataka kusema vile Mungu alituokoa kwa mkono wa Kogo, nyanya yetu, aliyetulea.

Wakati huo msitu wa upande ule ulikuwa unakatwa ili majani chai yapandwe, na baba alikuwa huko kazini. Mama akamzaa ndugu yangu Kiprono, halafu akafariki. Ng'ombe wetu wa maziwa naye akashikwa na ugonjwa, akafa. Kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kikabaki ukutani, kikavu. Ndugu zangu, mtoto alilia mpaka sauti ikaisha! Tukimpa uji wa wimbi, anatapika, unabaki kidogo tu tumboni.

Kogo alikuwa na mvi kichwa kizima. Asubuhi moja alikaa juani mbele ya nyumba, akamweka mtoto kwenye titi lake lililolala kama mfuko mtupu. Jirani yetu, Mama Tapsubei, alipita na kuni. Alicheka mpaka kuni zikaanguka.

"Kogo! Unamnyonyesha upepo?"

"Upepo ni wa bure," Kogo akajibu. "Okota kuni zako, halafu uniletee uji."

Na akaleta! Kila siku alileta, huku anacheka. Kogo anakunywa, anaomba, anamweka mtoto tena. Hakuna kitu. Mimi nikaanza kulia nikimtazama mtoto, amekonda sana. Kogo akanikemea: "Chepkemoi, usimlilie mtu ambaye bado ananyonya!"

Siku moja nikaona tone jeupe kwenye mdomo wa mtoto. Nikafikiri ni uji. Lakini uji hatukuwa tumempa siku hiyo! Nilipiga kelele mpaka ng'ambo ya mto: "Mama Tapsubei! Njoo uone upepo!" Akaja mbio, akapiga magoti pale pale, analia na kucheka pamoja.

Wamama wazee wa kwetu wanasema mtoto akivuta bila kuchoka, mwili unakumbuka. Nakubali. Lakini ni nani aliyeufundisha mwili kukumbuka? Ni Bwana! Ndiyo maana mimi naota kwamba siku moja nitafundishwa kutunza watoto wachanga huko misheni. Chekeni tu, mimi nitafika!

Ndugu yangu, ukijiona umekauka, usimtoe mtoto kifuani. Mtumaini Bwana, endelea kumweka.

Kogo, usifunike uso, acha tukushukuru. Na wewe Kiprono hapo mlangoni, simama wakuone ulivyo mrefu! Halafu ukimbie nyumbani, umletee Kogo uji.