Mama Maureen, Aliyetuombea Kila Asubuhi

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Virginia Waithera anastaafu baada ya kulitumikia duka letu la sare za shule, hapa Barabara ya Biashara, kwa karibu miaka thelathini na mitatu. Jina hilo la kwenye kitambulisho hulisikia siku ya mshahara na kinywani mwa mwenye duka tu. Kwetu sisi wafanyakazi yeye ni Mama Maureen, na hatutaacha kumwita hivyo, ingawa tangu mwezi wa tatu mwaka huu jina hilo ni zito kulitamka.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Peres wa kaunta ya sweta, niandike wasifu wa kuchangamsha. Nitajaribu. Wanaonijua wanajua kuchangamsha si kazi yangu, na mwaka huu ndio kabisa.

Aliingia hapa Januari 1993, msimu wa shule kufunguliwa, akashika sindano orofani kushona vifungo. Baadaye akawa mkataji wa vitambaa, kisha msimamizi wa duka zima. Wazazi wengi wa Dagoretti na Kangemi wamevalishwa naye wakiwa watoto, na leo wanamletea watoto wao. Mzazi akitaka sweta ya kumfikisha mtoto sekondari, Mama Maureen humwambia polepole kwamba mtoto hukua, ila hakui kwa wiki moja. Mzazi hucheka, halafu hununua ile kubwa vilevile.

Mwaka mmoja tulishona sketi za shule nzima kwa rangi ya kijani ya shule jirani. Fundi mmoja alilia. Mama Maureen alitukusanya tukashikana mikono tukiuzunguka mzigo, akaomba, kisha akampigia simu mwalimu mkuu wa ile shule jirani, na kufikia jioni nusu ya sketi zilikuwa zimepata wenyewe. Alisema ni Mungu aliyeziuza. Sisi tulimwona akibembeleza kwenye simu mchana kutwa, lakini hatukubisha.

Hivyo ndivyo alivyoishi imani yake, hakuibakisha kanisani Jumapili. Kila asubuhi, mlango wa mabati ukiwa bado chini, tulisimama kuizunguka meza ya kukatia. Alisoma mstari, akaufafanua kwa dakika mbili ambazo hazikuwahi kuwa mbili, kisha akaomba kwa majina: mwenye kesi ya shamba, mwenye mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo, Haron mpakiaji mizigo na goti lake. Wakati huohuo mwenye duka, Mzee Kanubhai, alikuwa akiwasha udi mbele ya picha ya mungu wake juu ya mashine ya pesa. Akimaliza kabla yetu, alianza kukohoa. "Virginia, maliza bas, customer iko nje." Mama Maureen alimwombea papo hapo apewe subira, kwa sauti.

Kisha mke wa Mzee Kanubhai akapelekwa kupasuliwa moyo. Asubuhi hiyo mzee alikuja mwenyewe hadi mezani, viatu mkononi kama aendapo mbele ya mungu wake, akasema, "Weka mimi pia kwa hiyo maombi." Aliwekwa, na mkewe alirudi nyumbani kwao Muthangari akitembea. Tangu siku hiyo kikohozi cha mzee kikapona, na sisi tukaamini kwamba Mama Maureen akiomba, mambo huwa.

Mwaka juzi binti yake, Maureen, alipatikana na saratani. Tukaliweka jina lake mbele ya majina yote. Siku za Ijumaa birika la chai halikuwekwa motoni, na hata Haron, ambaye mapenzi yake kwa mandazi yanajulikana hadi Mtaa wa Muindi Mbingu, alifunga. Madaktari walizidi kupunguza maneno. Mama Maureen alizidi kusoma.

Kanisani kwake Waithaka kuna desturi ya kutoa shukrani kwa imani. Hungoji upokee ndipo ushukuru. Unashukuru kwanza, mbele za watu, kuonyesha kwamba huna shaka. Mwezi wa pili mwaka huu alitualika nyumbani kwake kushukuru kwa kupona kwa Maureen. Hema lilisimikwa, Mzee Kanubhai akatuma gunia la mchele, pilau ikaiva vizuri sana. Maureen alikuwa amevaa rinda jipya la manjano alilokatiwa na mama yake kwenye meza yetu hii. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, kichwa amekiegemeza kwenye nguzo ya hema, akimtabasamia kila aliyemwambia amepona. Tulimwambia sote. Tulipanga foleni kumwambia.

Wiki chache baadaye tulirudi Waithaka kumzika. Mwenye hema alileta lilelile, akauliza tu kama alisimike palepale.

Mama Maureen alirudi kazini mapema kuliko tulivyotarajia, akasimama mezani kama kawaida. Alisoma mstari. Akafika kwenye sala, akafumba macho, akanyamaza. Tulingoja. Udi wa mzee uliungua hadi mwisho. Kisha akasema "Amina," nasi tukaitikia, na mlango ukafunguliwa. Imekuwa hivyo kila asubuhi hadi leo. Vijana walioajiriwa juzi wanadhani ni mtindo wa kanisa lake. Sisi wa zamani tunajua kwamba mahali palipokuwa na majina yetu sasa hapana kitu, na tunaona baridi.

Tulidhani amemkasirikia Mungu kwa kutomponya mtoto. Mwezi wa nane, tukiwa orofani wanawake peke yetu, alitueleza mwenyewe, na amenipa ruhusa ya kuyaandika haya. Alisema nikiandika mengine atajua ninampamba kama maiti.

Maureen alijua anakufa. Zaidi ya mara moja alianza kumwambia mama yake. Alitaka kusema Joyline, binti yake wa gredi ya pili, alelewe na nani. Alitaka yeye mwenyewe azikwe kando ya marehemu baba yake. Kila alipofungua kinywa, mama yake alimwekea kiganja mdomoni na kumsomea Zaburi ile ya kwamba hatakufa bali ataishi. Kumjibu kungekuwa kukubaliana na mauti, na walikuwa wameshashukuru mbele za watu wote. Mwishowe binti aliacha kujaribu. Alilala akisomewa, na akaenda hivyo, hajaaga.

"Mtoto alikuwa anataka kuniaga, Peres," aliniambia. "Nikamnyamazisha na Neno." Nikamuuliza kama bado anaamini Mungu yupo. Akasema, "Ako. Hiyo ndio shida. Kama hangekuwa, ningelala."

Nimetafuta mstari wa kumpa, na kila nikifungua ninakuta ameshanisomea yeye, kwa furaha, miaka hiyo. Mchungaji wake alimwambia ni mapenzi ya Mungu. Mzee Kanubhai alimletea kiti mezani, na Mama Maureen hajawahi kukikalia.

Sasa anakwenda Waithaka kumlea Joyline. Duka limempa mashine ya kushona ya umeme, na mafundi wamemshonea Joyline sare mbili, saizi yake kamili. Kwa wastaafu wote waliotangulia, yeye ndiye aliyefunga sherehe kwa sala. Safari hii tulimwomba, akakataa. Mzee Kanubhai alijitolea kutafuta padri, tukamwambia aache. Tutasimama kimya, kama tulivyozoea.

Katika sherehe kama hizi sisi husema kwamba hii si kwaheri, kwamba tutaonana, kwamba Waithaka ni hapo tu. Mama Maureen, hatutakudanganya hivyo. Tunajijua. Januari itatufunika, na wengi wetu hatutakanyaga kwako hadi siku ya msiba mwingine. Kwa hiyo tunakuaga ungali mbele yetu. Asante kwa kututaja kwa majina. Asante kwa sketi za kijani na kwa goti la Haron. Tunakutakia siku zinazobebeka, na usingizi. Kwaheri.

Nawe ukiwa na la kutuambia Ijumaa hiyo, liseme lote, hata likiwa zito. Tutalisikiliza hadi mwisho, na hakuna atakayekusomea mstari.